Kisima cha Kigamboni: tope linaanza kuachia

Haya mrejesho wa kisima. Lile bomba la inchi 2 tulilogongelea kwenye mchanga huku Mjimwema maji linatoa, tena mengi, shida rangi, chai ya maziwa kabisa. Jirani ananiambia we funga mota, iwashe, iache ivute mpaka yatakate yenyewe, nikamwambia hapana mzee, kwanza mchanga unakula impela, ile feni ya ndani ya pampu, afu ukivuta upande mmoja tu zile chembe zinabanana nje ya matundu ya chujio, kile kipande cha chini cha bomba kinachoingiza maji, unaona maji yametakata kumbe zimeshikana tu, ukizima ukawasha zinaachia tope linaanza upya. Dawa yake maji yaende na kurudi.

Fundi akakata raba ya tairi bovu, miduara miwili, akaibana kwa nati na washa kwenye ncha ya nondo, ikaingia bombani kwa kubana kidogo tu. Tukaizamisha kwenye maji ila juu ya chujio, ndo kupandisha na kushusha, mwanzo polepole, ukienda kwa pupa unararua chujio. Ukishusha maji yanasukumwa nje, ukipandisha yanarudi na uchafu wake. Tunasukasuka, tunatoa nondo, tunavuta na pampu ya mkono, tunarudia. Ndoo za mwanzo ukipitisha vidole chini unakuta mchanga laini wa kijivu umetulia, hizi za jioni ni plastiki tupu.

Nimejaza chupa nikaiacha dirishani. Mchanga unazama fasta, udongo wa mfinyanzi unaweza kuelea mpaka kesho yake, na maji yakitoka meupe afu yakikaa yanageuka rangi ya kutu basi hiyo ni madini ya chuma, hapo usuke hata mwezi hutoboi. Yangu juu yana ukungu kidogo, yani udongo, tutaendelea.

Wife kauliza kwani tusitie shabu? Shabu inasafisha ndoo, kisima chenyewe kinabaki vilevile. Klorini nayo zamu yake bado, kwenye maji ya tope inapungua nguvu, na kwa vyoo vya shimo vilivyotuzunguka hapa siwezi kuiruka. Mota nayo nikija kuifunga itavuta kwa kiasi, bahari ipo hapo tu, ukikamua sana chumvi inakufuata.

Washa ya ngozi ya pampu imeshalika na mchanga, kesho asubuhi napanda pantoni kuitafuta Gerezani.