Utando wa buibui ulivyoisha kwangu bila dawa
Kila Jumamosi nilikuwa natoa utando kwa fagio refu la darini. Ikifika Jumatano ulikuwa umerudi. Nilipuliza dawa, nikaishia kukohoa mimi. Usiku mmoja nikatazama vizuri: utando karibu wote uko jirani na taa ya mlangoni, umejaa mbu na kumbikumbi. Kumbe hawa buibui wanafuata chakula!

Nikatoa balbu nyeupe nikaweka ya njano, nikaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakwangua na vile vifuko vyeupe vya mayai. Wiki ya tatu hii, pembe safi.

Yule buibui mkubwa bapa wa jikoni, asiyetega utando, nimemwacha. Juzi nimemkuta kambana mende nyuma ya jiko. Mke wangu bado hamtaki.