Orodha ya Nobel? Ipi hiyo?

Jana usiku nimebishana na rafiki yangu mpaka simu ikazima. Anadai mwandishi anayempenda "alikuwa kwenye orodha ya Nobel", ile tuzo ya fasihi, mwaka jana. Nikamwambia ngoja nikuoneshe. Nikaanza kusoma kanuni za tuzo, kushtuka ni saa nane usiku.

Jamani, hakuna orodha inayotangazwa! Majina ya waliopendekezwa hufungiwa miaka 50. Zile zinazosambaa kila Oktoba ni za kampuni za kamari tu. Kujipendekeza mwenyewe ni marufuku. Wanaopendekeza ni watu kama maprofesa wa fasihi na isimu, washindi waliotangulia na marais wa vyama vya waandishi, na mwisho ni Januari 31. Kamati ndogo huchuja hadi wabaki watano, kisha wanachama wa Akademia ya Uswidi, yenye viti 18 na ndiyo inayotoa tuzo, hukaa na vitabu vya hao watano kiangazi kizima. Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Yote kwa siri. Ndiyo maana Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopigiwa simu mwaka 2021 kuambiwa ameshinda alidhani ni utani.

Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza, walau wako wazi: majaji wapya kila mwaka, orodha ndefu, orodha fupi, zote tunaziona. Ila mwaka 2019 majaji walikataa kuchagua mmoja, wakawapa wawili huku kanuni zinakataza. Hapo nilicheka peke yangu gizani.

Asubuhi nimemtumia rafiki yangu yote haya. Kajibu, "Basi itakuwa ilikuwa Booker."

Nimeangalia. Huko nako hayupo.