Jinsi kliniki yetu ya wanamichezo ilivyoanza kupokea wanajeshi wastaafu

Mimi ni mtoto wa Mombasa, fiziotherapia ndiyo iliyonileta kaskazini mwa Texas. Kliniki yetu ni ndogo, ya tiba ya michezo: magoti ya vijana wa futboli ya Kimarekani, mabega ya warusha besiboli. Msimu ukiisha, vitanda vinabaki vitupu. Siku moja nikamwambia bosi, mji huu umejaa wanajeshi wastaafu, mbona hapa hatuwaoni?

Tangu Juni 2019, kwa sheria ya MISSION ya 2018, idara ya wastaafu wa jeshi, VA, humruhusu mgonjwa wake kutibiwa nje ikiwa kungoja miadi ya bingwa kutamchukua zaidi ya siku 28, au safari ya gari inazidi wastani wa dakika 60. Huku Texas mtandao wa watoa huduma hao wa nje unasimamiwa na kampuni ya TriWest. Kazi ya kutuingiza nikabebeshwa mimi, kwani nani alifungua mdomo?

Fomu hazikunishinda. Kilichonitesa ni anwani. Tulikuwa tumehama jengo, namba yetu ya NPI, ile ya kitaifa ya kumtambulisha mtoa huduma, ikawa bado inasomeka anwani ya zamani, na CAQH, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za watoa huduma, inasema kwingine. Maombi yakarudi. Nikasahihisha, kumbe hata cheti kipya cha bima ya kitaaluma sikuwa nimekipakia. Uzembe wangu mtupu. Anayetaka kujaribu aanze hapo, asome herufi kwa herufi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanajeshi wa parachuti wa zamani, goti la kulia limekwisha. Kwetu ningemwita mzee. Pale nilisema “sir”, lakini moyoni alikuwa mzee. Alishuka ngazi za mazoezi ubavu ubavu kama kaa, vidole vyeupe kwa kukamata reli. Nikamuuliza, kati ya sifuri na kumi, maumivu ni ngapi? “Mbili.” Kijana wa besiboli angesema nane na kuomba barafu. Ile mbili niliiandika, na chini yake nikaandika nilichokiona.

Tukaendelea vizuri, mpaka nikakosea. Kibali cha VA kina idadi ya vikao na pia tarehe ya mwisho. Mimi nilihesabu vikao tu. Vilibaki viwili, nikamtibu vyote, kumbe tarehe ilishapita siku nne. Dai letu la malipo likakataliwa, na mgonjwa mwenyewe huruhusiwi kumtoza hata senti. Bosi hakugomba, alinisogezea kalenda tu. Afadhali angegomba.

Tangu hapo, kibali kikiingia naandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu juu ya faili. Wiki tatu kabla yake naangalia kama goti bado linahitaji kazi. Likihitaji, fomu 10-10172 ya kuomba vikao zaidi inaondoka na maelezo ya maendeleo yake, yenye nyuzi za mkunjo wa goti, si “anaendelea vizuri”. Madai tunaruhusiwa siku 180. Mimi nayatuma Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Mzee alipata vikao vyake vya nyongeza. Siku ya mwisho alishuka ngazi akitazama mbele, mkono mmoja umegusa reli kidogo tu. Nikamuuliza maumivu.

“Mbili.”

Safari hii sikuongeza kitu chini yake.