Juma la Shinkolobwe

Katika juma la kwanza la Agosti 2015, jina la Shinkolobwe, mgodi wa urani, madini ya bomu la atomiki, lilinifuata mjini Lubumbashi kwa namna iliyonitia wasiwasi. Lilianzia katika jarida kuukuu la Kifaransa nililolinunua kwa muuza vitabu anayetandaza mali yake kando ya barabara. Mlikuwamo habari za Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyochimba madini ya Katanga, ambaye mwaka 1940, kwa kuhofia kwamba Wajerumani wangeitia mkononi urani ya Katanga, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zisafirishwe hadi New York, nazo zikakaa ghalani mpaka Septemba 1942, afisa wa jeshi la Marekani alipokwenda kumuuliza kama angeweza kuwasaidia kuipata. Mimi, mzaliwa wa Lubumbashi, nilikuwa nikiujua mgodi huo ulio karibu na Likasi kama mtu amjuavyo jirani ambaye hajawahi kumbishia hodi.

Kesho yake nilikuwa ndani ya basi dogo la kwenda Katuba, na redio ya dereva ikataja Shinkolobwe. Alhamisi jioni, kwa jirani, televisheni ilionyesha magofu ya Hiroshima, na mtangazaji akasema kwamba urani ya bomu lile ilitoka kwa sehemu kubwa Kongo. Nikacheka peke yangu, hata jirani akaniuliza kuna nini cha kuchekesha katika mji ulioungua. Jumamosi tukaenda kwenye kilio, na mzee mmoja aliyeketi karibu nami akaanza, bila kuulizwa na mtu, kusimulia jinsi marehemu baba yake alivyokuwa akiokota kwa mikono mitupu mawe ya manjano na ya kijani huko Shinkolobwe, pasipo mzungu yeyote kumweleza madhara yake.

Si desturi yangu kuamini ishara, lakini usiku ule niliwaza kwamba pengine marehemu fulani wa mgodi ule alikuwa na neno nami. Mpwa wangu, ambaye hufundisha takwimu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza kama nilitazama kalenda. Alhamisi ile ilikuwa tarehe 6 Agosti, siku ya kutimia miaka 70 tangu bomu liliposhushwa Hiroshima, kwa hiyo redio na televisheni hazikukutana kwa bahati. Zilisukumwa na sababu moja. Kuhusu jarida nilidhani nimemshinda, kwa kuwa lilikuwa la miaka mingi nyuma, ila nilipomrudia muuza vitabu alinijibu, “Papa, lilikuwa chini kabisa ya rundo. Nililitoa kwa sababu mwanafunzi mmoja alikuja kuulizia habari za bomu.”

Nakiri kwamba jibu hilo lilinikera, maana kuna utamu katika kudhani kwamba umechaguliwa. Mpwa wangu hakunihurumia. Akaniambia kwamba mwaka 2005 mtaalamu wa isimu wa Marekani, Arnold Zwicky, aliipa jina hali hii ya akili kutudanganya: jambo likishatugusa mara moja, tunalisikia kila mahali na kuamini kwamba limeongezeka, kumbe kilichobadilika ni masikio yetu.

Nilibaki na ngome moja, yule mzee wa kilioni. Yeye hakuwa amesikia redio wala hakujua lolote kuhusu kumbukumbu ya Hiroshima, na hakuna mwanafunzi aliyemuuliza kitu. Nilikuwa nikimweleza mpwa wangu hoja hiyo kwa sauti ya ushindi mke wangu alipoingia na sahani za bukari.

“Baba Mado,” akasema, “mzee huyo anasimulia habari za Shinkolobwe katika kila kilio. Ni wewe tu ambaye siku zote unakwenda kukaa upande wa wanaocheza karata.”