Bondo Ndani ya Pipa

"Shangazi, hivi haya wanaenda kuyafanyia nini?"

Mtoto wa kaka amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anayageuza mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, kwenye kichanja, moja baada ya jingine. Kila mtoto aliyekulia Mwanza amewahi kuuliza swali hilo, na kila mmoja amejibiwa lake: nyuzi za kushonea vidonda, maganda ya vidonge, supu ya Wachina. Nikamjibu supu ya Wachina, maana mengi ndiko yanakokwenda. Akaridhika. Mimi ndiye sikuridhika, kwa sababu kuna siku moja nililikuta bondo mwisho wa safari yake, na halikuwa kwenye supu.

Ilikuwa Novemba 2011, mwaka ule niliokwenda kwa dada, Uingereza. Shemeji, mnamjua alivyo, hanywi kileo lakini baa hazimpiti, Jumamosi moja akanitoa Birmingham mpaka kijiji kimoja cha Worcestershire, mwendo wa saa moja hivi. Alikuwa amefanya kazi na mtoto wa mwenye baa. Jina la baa nitalihifadhi, mtaona kwa nini. Ni zile pabu zinazopika bia yao wenyewe uani. Miaka ya 1970 mwanzoni, wakati wapenzi wa bia ya pipa wanaanzisha chama chao cha CAMRA (hiyo ni 1971), zilizokuwa zimesalia kutoka enzi za zamani zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Blue Anchor ya Helston, Three Tuns ya Bishop's Castle, All Nations ya Madeley na Old Swan ya Netherton. Baadaye wengine wakaanza upya, na huyu mzee mwenye baa alikuwa mmoja wao.

Ndani: vigae vyekundu sakafuni, moto wa magogo, mbwa amejilaza njiani na kila mtu anamruka. Muziki hakuna. Mhudumu wa kukufuata mezani naye hakuna. Unakwenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa, unabeba glasi yako. Kaunta ina mikono mitatu ya pampu, mirefu kama ya kisima cha kijiji, na inafanya kazi ileile: unavuta, bia inapanda kutoka chini.

Mzee alitutembeza kiwandani haraka kwa sababu siku hiyo alikuwa na lake moyoni. Jengo ni la matofali, jembamba, ghorofa tatu, ili kila kitu kishuke chenyewe bila pampu. Maji ya moto yako juu kabisa. Chini yake kimea cha shayiri, ambacho kinaparazwa tu, hakisagwi. Kikiwa unga kinashikana kama ugali na maji hayapiti. Kinalowekwa kwa maji ya nyuzi 66 hivi, saa moja na nusu. Joto likizidi hapo, sehemu kubwa ya wanga inageuka sukari ambayo chachu haiwezi kuila, na bia inatoka nzito, tamutamu. Yale maji matamu yanashuka kwenye sufuria kubwa, yanachemka zaidi ya saa moja pamoja na hopsi, maua makavu yenye uchungu. Yeye anatumia aina mbili, Fuggle na Golding, za mashamba ya hukohuko. Yanapozwa mpaka nyuzi 18, yanatiwa chachu, yanakaa siku 5 hadi 7, kisha yanaingia kwenye pipa chachu ikiwa bado hai. Hayachujwi mahali popote.

Nilimuuliza, sasa kama haichujwi, mbona ile niliyoiona kaunta inang'aa kama chai ya rangi?

Akamtazama shemeji. "Hilo ndilo tatizo langu wiki hii," akasema. "Njooni chini."

Chini ni ngazi tisa, dari linagusa kichwa, na baridi ya nyuzi 12 mwaka mzima. Ikipanda sana bia inachacha, ikishuka sana inafubaa na kufanya ukungu. Mapipa ni ya galoni 9, lita 41 kwa hesabu zetu, na likijaa si la kubebwa na mtu mmoja anayeupenda mgongo wake. Yamelazwa juu ya kichanja cha mbao. Nilicheka kidogo kimoyomoyo: mbao zilezile, urefu uleule, kama cha dagaa. Kila pipa limekabwa kwa kabari tatu lisicheze, kwa sababu ukilitikisa tu, kazi ya siku mbili imeharibika.

Pipa lina vizibo viwili. Cha ubavuni kinatazama juu, cha mbele kiko chini karibu na ukingo. Kwanza unatoboa kile cha juu kwa kijiti laini chenye vinyweleo ili gesi ipumue. Povu linafurika pembeni ya kijiti. Unafuta, unangoja, unafuta. Likitulia unang'oa kijiti laini na kuchomeka kigumu, kisichopitisha hewa, ili gesi iliyobaki isitoroke yote. Kizibo cha mbele unakipigia bomba kwa nyundo ya mbao, pigo moja la mtu aliyeamua. Ukisita, bia inakuogesha. Halafu unaliacha litulie, saa 24, wakati mwingine 48. Likishaanza kuuzwa lina kama siku tatu, maana kila painti (glasi yao kubwa, zaidi kidogo ya nusu lita) inayotoka juu inaingiza hewa chini huku, na hewa ndiyo inayoiua bia.

Mapipa yake sita yalikuwa na siku nne na bado yametibuka. Alichota glasi moja akaiinua kwenye taa: rangi ya maji ya ziwa mvua ikishanyesha. Nikaonja. Ladha nzuri tu, uchungu wa mbali, kama ganda la mkate. Lakini Mwingereza bia yake huinywa kwanza kwa macho, na glasi tano zilikuwa zimerudishwa tangu asubuhi. Sisi pombe ya kienyeji tunainywa na machicha yake na hakuna anayemfokea mpishi.

Alifungua friji ndogo akatoa dumu la lita 5. Ndani kuna kitu cheupe, kizito kidogo, kinavutika kama ute wa yai. Nikakinusa. Kilikuwa kikali, kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Hiyo ni tindikali wanayokiyeyushia. "Aizinglasi," akasema, na shemeji akakwama, hana neno lake. Mzee akaenda rafuni, akashusha kopo la biskuti, akatoa kipande anachowaonyesha wageni.

Alikiweka mkononi mwangu kabla hajaeleza.

Sijui niseme vipi. Kidole gumba kilijua kabla ya kichwa. Ule ugumu wa ngozi kavu, ile njano ya ukucha wa mzee, ile sauti ya tak ukikigonga. Nikakipeleka kwenye balbu na mwanga ukapita, mistari yake inakwenda upande mmoja kama ya ubao uliopigwa randa. Pembeni kilikuwa kimechanika. Mama angelitupa kundi la tatu, bila mjadala. Bondo la sangara limeshikana na uti wa mgongo. Unaingiza vidole chini yake, unalibandua taratibu tangu kichwani, na mwenye haraka huacha kipande kwenye samaki. Halafu unakwangua ule utando wenye damu mpaka liwe jeupe. Ukiubakiza, likikauka lina doa jeusi na mnunuzi anashusha bei huku anaangalia pembeni.

"Bondo," nikasema.

"Samahani?"

"Limebanduliwa vibaya."

Shemeji ikabidi aeleze. Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tufike, kisha akacheka, kisha akanyamaza, akaanza kunionyesha badala ya kumwonyesha shemeji.

Alipanga glasi mbili za painti, zote za bia iliyotibuka kutoka pipa moja. Pipa la galoni 9 linataka nusu painti ya ule ute, hadi painti nzima bia ikiwa mbishi. Nusu painti kwa pipa ni mililita 4 kwa glasi, akazipima kwa bomba la sindano. Glasi ya kushoto akaitia ute wa dumu la zamani, ya kulia wa dumu jipya. Akakoroga zote kwa mpini wa kijiko, akazisimamisha mbele ya taa, akakunja mikono.

Dakika za mwanzo hakuna kitu. Kisha ya kulia ikaanza kuwa na punje, kama vumbi kwenye miale ya jua. Punje zikanasana. Zikawa vipande, kama maziwa yanapokatika, na vile vipande vikaanza kushuka, si kwa kasi, vinayumba, vinapishana, kimoja kinamgusa mwenzake na kuondoka naye. Chachu ina chaji hasi, akasema, na huu ute una chaji chanya. Vinatafutana, vinakuwa vizito, vinazama. Juu kabisa ikatokea mstari, upana wa kidole, wa bia safi. Vidole viwili. Baada ya dakika 20 niliweza kusoma maandishi ya kalenda ya ukutani kupitia glasi. Ya kushoto ilikuwa vilevile, matope matupu.

"Kijana wangu aliliacha dumu karibu na boila," akasema mzee. "Ijumaa mpaka Jumatatu."

Basi. Ute huo ukikaa kwenye joto la nyuzi 20 na kitu, zile nyuzi zake zilizosokotana kama kamba zinafumuka, unabaki na jelatini. Kwa macho haubadiliki sana. Hauna sumu. Umeiva tu, na ukiiva hauna nguvu ya kumshika mtu. Hilo sikuhitaji kuelezwa. Masika jua likigoma, sisi watoto tulikuwa tunataka kuyasogeza mabondo jikoni, na mama alikuwa anatufukuza na mwiko: bondo bichi ukilipeleka motoni linajikunja na kuwa gundi. Jua na upepo, basi. Ajabu ni kwamba likishakauka linavumilia jua la Mwanza wiki nzima, lakini likishayeyushwa linaogopa joto la sebuleni.

Dawa yake ilikuwa kuyatia mapipa yote sita ute mpya, kuyabingirisha, na kuyalaza tena. Inafaa mara moja, labda mbili. Ukizidisha, mashapo yanakuwa mepesi kama pamba, hayakai chini, na kila ukivuta pampu yanapanda.

"Kwa hiyo hawa wanakunywa supu ya samaki," shemeji akaninong'oneza kwa Kiswahili.

Mzee akauliza amesema nini, nikamwambia anauliza kama wateja wanajua. Akasema anayeuliza anaambiwa, na kwamba samaki hubaki chini pamoja na chachu. Kaunta sikuona maandishi yoyote.

Nikauliza hili linatoka wapi. Akaligeuza dumu. Karatasi ina namba ya toleo, tarehe ya kuisha, joto la kuhifadhia, nembo ya usimsogezee mtoto. Samaki hayumo. Akaniambia zamani lilitoka Urusi, kwenye samaki wa sturgeon, lilikuwa ghali, mpaka mwaka 1795 William Murdoch, fundi yuleyule wa taa za gesi, akatengeneza la bei nafuu kwa chewa wa baharini, na wapika bia wa London wakamlipa pauni 2,000 wapate kulitumia. Siku hizi, akasema, linatoka nchi za joto. Alisema "nchi za joto" akipunga mkono kuelekea ukutani, ambako nadhani ni kaskazini.

Mabondo ya sangara nayo yamo kwenye biashara hiyo. Miaka ya 1990 wanunuzi waliokuja na mizani kwa mama walikuwa wanasema "Ulaya", na mama hakuwa mtu wa kuuliza Ulaya ipi. Nilimwambia mzee kwamba nyumbani tunayakausha. Akasema kwa adabu kwamba dunia ni ndogo, akarudi kwenye mapipa yake. Nikapanda juu na ile glasi ya kulia, nikaketi karibu na mbwa, nikainywa polepole mpaka juu ya mashapo. Mashapo niliyaacha. Nilikaa nayaangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Tangu hapo mambo yamebadilika. Guinness wameweka vichujio vipya wakaachana na bondo, kuna dawa za mimea, kuna wanaouza bia ya ukungu makusudi, na kwa bei ya juu. Kwetu haikuuma, Wachina walishapandisha bei.

Nimemsimulia mtoto wa kaka yote haya, nimeruka ya chaji. Amesikiliza, mikono haijaacha kugeuza.

"Sasa likishabaki chini ya pipa, wanalirudisha?"

"Wanalimwaga."

"Lote?"

"Wanaosha pipa kwa maji ya moto, linakwenda na maji."

Akakitazama kichanja chote, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, midomo inahesabu. Upepo umegeuka, unatoka ziwani sasa, na upande wa Ukerewe kumekuwa kweusi.

"Tuanue, shangazi," akasema. "Haya ya mwisho bado mabichi."