Kofia walizokataa kuvaa

Siku hizi nawaza sana juu ya safari ya kurudi kutoka Mirihi. Ni miezi sita hadi tisa ya kusafiri angani, na sayari zikiwa mbali mno, ujumbe wa redio huchukua zaidi ya dakika 20 kufika duniani. Jibu nalo lina dakika zake. Ikifika siku kanuni inataka hiki na mwili unataka kile, nani aamue?

Oktoba 1968, wanaanga wa Marekani Walter Schirra, aliyekuwa nahodha, Donn Eisele na Walter Cunningham waliizunguka dunia karibu siku 11 ndani ya chombo cha Apollo 7. Schirra akashikwa na mafua. Huko juu kamasi haishuki, inajaa palepale puani. Ulipofika wakati wa kurudi wakaamriwa wavae kofia za suti zao, wakakataa. Mgandamizo wa hewa ndani ya chombo ulikuwa kama theluthi ya huu wa hapa pwani, na wakishuka ungepanda haraka. Aliyevaa kofia hafikii pua yake kuibana na kupuliza ili masikio yazibuke. Walibishana na wakubwa redioni, wakatua vichwa wazi, salama.

Kaka yangu huzamia kamba kochi hapa Mikindani. Nilipomsimulia, alinikatiza kabla sijafika mwisho: "Na mafua yale? Mimi hata mashuani sipandi." Hajasoma popote habari za mgandamizo. Ameyajua kwa masikio yake mwenyewe, na wazee waliomfundisha waliyajua hivyohivyo.

Simtetei kila mvunja kanuni. Mwaka 1965 mwanaanga mwingine, John Young, alipanda chombo cha Gemini 3 na mkate wa nyama kauficha kwenye suti. Makombo yanaelea, yanaweza kuingia kwenye mitambo, na wengi waliokuwa chini hawakuwa na habari. Schirra alikataa waziwazi, akataja sababu, kila aliyekuwa kwenye redio akasikia. Kwangu mimi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeruka tena. Schirra alikwishatangaza kwamba anastaafu. Wanaoniuma ni Eisele na Cunningham, waliokuwa bado na umri wa kazi.

Kanuni za Mirihi zikiandikwa, natamani mzamiaji awemo kwenye chumba hicho. Nahodha apewe haki ya kukataa papo hapo, aseme sababu redioni bila kusubiri jibu, na akirudi nyumbani jina lake libaki kwenye orodha ya watakaoruka.