Nilivyochagua vipimo vya fremu ya baiskeli yangu ya safari ndefu

Fundi wa fremu niliyempata Uingereza alinitumia fomu ya kujaza, na swali la kwanza lilikuwa urefu wangu. Nilimjibu, lakini nikamwomba tuanzie kwenye mzigo. Baiskeli niliyoitaka haitatembea tupu hata siku moja. Itabeba hema, jiko, nguo, maji na chakula, kutoka Iringa kwenda Njombe na Makete, ipande Kitulo kwenye mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, halafu iteremke hadi Ziwa Nyasa pale Matema. Fremu inayopendeza ikiwa tupu inaweza kuyumba vibaya ukishaifunga kilo 25.

Kabla ya fremu yenyewe niliamua ukubwa wa magurudumu, na jibu nililitafuta Makambako, kwenye maduka ya spea. Matairi yaliyoning'inia ukutani yalikuwa ya inchi 26 ya baiskeli za milimani, na ya inchi 28 ya Phoenix. Wengi hudhani hiyo 28 ndiyo 700C inayofungwa kwenye baiskeli za safari za Ulaya. Siyo. Kipenyo cha rimu ya Phoenix pale tairi linapokaa ni milimita 635, cha 700C ni 622, na kwa tofauti hiyo tairi la moja halikai kwenye nyingine. Cha rimu ya 26 ni 559. Fundi alipendelea 700C kwa kuwa gurudumu kubwa linapita mashimo kwa ulaini zaidi. Ni kweli, ila likichanika tairi mbali na mji, ulaini huo hauna faida yoyote. Nikashikilia 26, na nikamwambia aache nafasi ya kutosha tairi la inchi 2.1 pamoja na madigadi. Udongo mwekundu wa Njombe wakati wa mvua hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Jambo nililolipigania kuliko yote ni urefu wa nyuma, yaani kutoka ekseli ya pedali (ile inayopita ndani ya fremu na kushika mikono ya pedali) hadi ekseli ya gurudumu la nyuma. Nina mguu mkubwa, navaa viatu namba 45. Nilichukua baiskeli yangu ya zamani, nikafunga keria na mifuko ya pembeni iliyojaa kama ya safari, nikapaka chaki kisigino cha kiatu, kisha nikamwomba jirani aishike siti nizungushe pedali kinyumenyume. Mfuko ukatoka na mstari mweupe, mnene, mahali kisigino kilipokuwa kikisugua. Fremu ile ilikuwa na milimita 430 nyuma. Nikausogeza mfuko hadi alama ikome, nikapima, nikaongeza kidogo kwa ajili ya buti za mvua: tukaafikiana 455. Faida haikuishia kwenye kisigino. Nyuma ikiwa ndefu, mzigo unakaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, si nyuma yake. Mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, kwenye mwinuko mkali gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unatangatanga.

Kwa upande wa mbele, kinachoamua tabia ya usukani ni mwinamo wa shingo ya fremu pamoja na mpindo wa foku, yaani kiasi ambacho foku inaisogeza ekseli mbele ya mstari wa shingo. Chora kichwani mstari unaopita katikati ya shingo hadi ardhini. Unagusa mbele kidogo ya pale tairi linapogusa, na umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio unaofanya gurudumu lijinyooshe lenyewe. Tulichagua shingo ya nyuzi 71.5 na mpindo wa milimita 45, na kwa tairi langu umbali huo unatoka kama milimita 63. Ukiwa mdogo mno usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na kushuka Kitonga, mlima wa kona kali kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, huku malori yakikupumulia mgongoni si mahali pa usukani wa wasiwasi. Kwa sababu hiyo hiyo niliomba bomba la juu liwe nene, milimita 31.8 badala ya 28.6 iliyozoeleka, ili fremu isianze kutikisika kwenye mteremko.

Vipimo vya mwili havikutuchukua muda. Urefu wa ndani wa mguu wangu ni sentimita 79. Ukizidisha kwa 0.883, kanuni ya zamani ya waendesha baiskeli, unapata karibu 70 kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya siti. Usukani niliutaka kimo sawa na siti, kwa sababu mgongo uliojikunja kutwa nzima huharibu safari kuliko kilo mbili za ziada.

Chuma ni kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, sikusita. Ikipasuka, fundi gesi anayejua kuunga kwa shaba anaweza kuishughulikia, ilhali alumini wengi wao hawaigusi. Nyuma niliomba nafasi ya habu (kitovu cha gurudumu) ya milimita 135, kwa kuwa habu za kipimo hicho ni rahisi kupatikana, na sehemu ya ekseli ya pedali iwe ya kufungwa kwa nyuzi za skrubu za kawaida za Kiingereza, si ya kugongelea. Breki ni za V, za kubana rimu. Diski inasimamisha vizuri zaidi kwenye tope, hilo silipingi, ila pedi za breki za V nilizikuta katika maduka yale yale ya Makambako. Kuna mashimo ya bolti kwa keria mbele na nyuma, na sehemu tatu za chupa, moja chini ya bomba la chini. Gia ndogo kabisa ni meno 24 mbele na 36 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 1.37 hivi. Ni mwendo wa kutembea kwa miguu, na kupanda Kitonga na mzigo ndio unaotakiwa. Niliomba pia kibati cha kufungia stendi. Fundi alishangaa, lakini baiskeli yenye mzigo huku hutegemei kupata ukuta wa kuiegemeza.

Kwa asiyeweza kuagiza, tafuta kwenye mitumba fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani ya miaka ya 1990, isiyo na shokapu. Nyingi zina magurudumu ya 26, nafasi ya 135 nyuma na nyuzi hizo hizo za skrubu. Upungufu wake mkubwa ni nyuma fupi, mara nyingi kati ya 420 na 430, na keria inayoweza kusogezwa nyuma kidogo inasaidia. Unapokwenda kuinunua, nenda na mifuko yako, viatu vyako na kipande cha chaki.